Mwaka wa Pikipiki Tatu

Nilizisikia kabla sijaziona. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeulalia mlima wa Kwale, mzito kiasi cha kuuficha mlingoti mpya wa bendera mbele ya ofisi, nasi tulikuwa tumesimama barazani, mimi na Nyamawi, vikombe vya uji mkononi. Kwanza ulitufikia mdundo mzito wa taratibu, kama mwanamke anayetwanga mpunga bila haraka. Nyuma yake ikaja sauti nyembamba, ya juu, isiyovuta pumzi. Ya tatu ilikuwa inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, na kila iliponyamaza Nyamawi alisema, "Imekufa hiyo," na kila ilipokohoa akasema, "La, ingali hai." Tulicheka mpaka uji ukamwagika. Hatimaye zikatokeza kwenye kona, moja baada ya nyingine, taa zao za manjano zikiutoboa ukungu, zimepandwa na watu watatu wa duka moja la Mombasa waliorowa umande mpaka kwenye nyusi.

Nyamawi tumemzika mwezi uliopita, kwao Taru. Mwanawe alinipigia simu akasema, "Mzee Bakari, baba alikuwa akikutaja sana. Wewe na zile pikipiki." Nilikwenda na magoti yangu haya, nikaketi kwenye jamvi chini ya turubai, na waliponiomba niseme neno nikawasimulia pikipiki tatu. Niliiga sauti zao. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatoka, mjukuu wake mmoja akaniletea sima na nyama ya mbuzi akanisihi niendelee. Sikuendelea. Nilisimulia mpaka mahali kicheko kinapoishia, nikanyamaza, nikaiona kwenye nyuso zao ile raha ya watu waliosikia hadithi waliyokwisha kuisikia. Ndipo nikajua kwamba Nyamawi naye, miaka yote hiyo, alikuwa akiwasimulia wanawe mpaka papo hapo, wala hakuvuka. Angeweza kuwaambia mimi ni mtu gani. Hakuwaambia. Basi sehemu iliyobaki naiandika mimi, kwa kuwa sasa hakuna mwingine.

Ulikuwa mwaka ule wa bendera ya uhuru. Ofisi ya afya iliyotuajiri ilikuwa na gari moja bovu na wakunga wanne, na vijiji vilivyotawanyika kuanzia mchanga wa Msambweni hadi makorongo makavu ya Kinango. Afisa wetu mpya, mtu wa bara, kijana bado, mwenye shati jeupe lisilokunjika hata adhuhuri, alikuwa amepata ruhusa ya kununua pikipiki za kuwabeba wakunga. Aina moja tu. Duka lilituachia tatu tuzijaribu miezi miwili, mlimani, mchangani na kwenye utelezi, kisha tuandike ripoti. Mimi nilichaguliwa kwa sababu niliwahi kupeleka barua kwa pikipiki na nilikuwa na mwandiko mzuri. Nyamawi alichaguliwa kwa sababu ndiye aliyejua kuendesha hasa. Alikuwa amejifunza kwa watu wa chanjo ya ng'ombe, akiwafuata mifugo kwenye miiba ya nyika, na alikaa juu ya mashine jinsi wengine wanavyokaa juu ya kigoda nyumbani kwao. Kusoma hakujua. Hilo halikumpa haya hata kidogo. "Wewe soma karatasi, mimi nisome njia," alikuwa akiniambia.

Majina tulizipa sisi. Ile ya kukohoa tuliiita Bata: magurudumu madogo, tumbo chini, kioo mbele. Barabarani ilikuwa tamu, unakaa wima kama bwana shauri wa wilaya. Mchanga wa kwanza wa Diani ulimaliza kazi yake. Gurudumu la mbele lilizama, nyuma likaruka, na Nyamawi akaenda kuketi kwenye kichaka cha mkadi. Ile nzito ya Kiingereza tuliiita Ndovu. Ndovu hakupenda kugeuka. Kona ulimwomba mapema, kwa mwili mzima, na ukichelewa alikupeleka anakotaka yeye. Silensa yake, bomba la moshi, ilikuwa upande wa kulia nayo ilinichoma muundi mara mbili. Kovu moja ningali nalo. Akianguka, kumwinua ni kazi ya watu wawili na bismillahi. Lakini mlimani alipanda bila kuongezewa mafuta, nyuma amekaza ardhi, mbele hainuki, na ukipita naye ubavuni mwa kilima, njia ikiwa imeinamia bondeni, alitulia kwenye mstari wake kwa uzito wake mwenyewe. Kisha Chiriku. Chiriku alikuwa mwekundu, mpya, wa Kijapani, mwepesi hata nikaweza kumnyanyua nyuma peke yangu. Ulikuwa humwendeshi, ulikuwa unafikiri tu, naye ameshafika. Mchangani alielea, mradi usimpunguzie mafuta na usishindane na usukani. Kilimani alipanda akipiga kelele, mbele ikinyanyuka, nami nikilalia tangi kifua kizima kumshusha. Ubavuni mwa kilima alihitaji mguu wako wa upande wa juu na kiuno kinachocheza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kiuno kilicheza.

Mchana tulikula kwa Bi Mejumaa, mkunga, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya zahanati. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja ya msonobari, sanduku la vifaa vyake, na dirisha lililoingiza harufu ya dawa ya kuoshea na ya nazi inayokaangika. Alikuwa mtu wa Msambweni, mjane, mnene kiasi, mwenye mikono midogo kuliko mwili wake na ulimi usiopumzika. Alitupakulia wali na papa, au muhogo wa nazi, akatusikiliza tukibishana, kisha akatoa hukumu. "Bata nimemwona," alisema. "Kile ni kiti cha kinyozi kimetiwa magurudumu." Nyamawi alimsifu Ndovu. "Huyo ni mume," akasema Bi Mejumaa. "Hana maneno, anatoa moshi, lakini anafika." Nami nikauliza, na Chiriku je? Alinitazama, kijiko kimesimama. "Chiriku ni kijana wa mjini. Mafuta ya nywele mengi. Mtu humpenda, mwanangu, sisemi hapendwi."

"Bakari atamwoa," alisema Nyamawi.

"Na wewe umwoe Ndovu," nikamjibu, "umpeleke Taru ukamchanganye na ng'ombe zako."

Siku moja ya Alhamisi Bi Mejumaa alitaka kwenda Msambweni kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa, nasi tulikuwa tunashuka kujaribu mchanga. Hadi siku hiyo abiria wetu alikuwa gunia la mchanga lililofungwa kwa kamba katikati ya kiti, limekaa sawa, halina jambo. Nyamawi akasema tumchukue, tujaribu na mtu. Bi Mejumaa alijifunga leso kiunoni juu ya buibui, akapanda nyuma yangu kama anavyopanda kila mwanamke wa kwetu mwenye kujiheshimu: upande, miguu yote miwili kushoto, mkono mmoja kwenye mkanda wangu, mwingine umepakata sanduku. Kwenye lami na murram hapakuwa na taabu. Tulipoingia njia ya minazini pale Diani, palipoinama kidogo kushoto, nilimsikia Chiriku akivuta. Si sana. Ni kama mtoto anayekuvuta mkono sokoni. Nikamrudisha. Akavuta tena, nyuma ikachomoka, tukapiga kombo mara tatu na nikamkamata kwa nguvu za mabega, jasho likinitoka. "Yuko hai huyu!" alipiga kelele Bi Mejumaa, akicheka. Nyamawi, aliyekuwa nyuma yetu juu ya Ndovu, hakucheka. Jioni, tulipokuwa tunaosha mashine, alisema, "Gunia halikai upande."

"Nimeona."

"Ubavuni mwa kilima, na mvua, mambo hayo yatakuwa mengine."

"Nimeona, bwana."

"Basi uliandike."

Ripoti niliiandika siku nzima, kwenye ile meza ya msonobari, Bi Mejumaa akiwa kazini. Kuna jambo lazima nilieleze hapa, kwa sababu kijana wa leo atashangaa. Niliandika sentensi ile. Niliandika kwamba mkunga akikaa upande, mashine nyepesi huvuta kwenye mwinamo. Kisha nikamwona yule afisa wa bara akiuliza, kwa nini basi asikae kama mwanamume? Nikajiona nikimjibu, mbele ya makarani, nikizungumzia mapaja ya Bi Mejumaa, leso yake ikipanda magotini, mama wa watu aliyenipakulia wali. Kwetu jambo hilo halikutamkwa, seuze kuandikwa kwenye karatasi ya serikali na kupigwa muhuri. Haya ilinishika nikasikia masikio yanawaka. Nikaikata sentensi. Hiyo ni kweli. Nusu ya pili ya kweli ni kwamba nilifurahi kupata sababu ya kuikata. Siku mbili kabla nilikuwa nimepita dirishani pa afisa nikamsikia akimwambia mtu wa duka, "Tumewashushia bendera yao, tuendelee kupanda machuma yao? Nataka kitu kipya. Na yule kijana anayeandika vizuri nitamfanya msimamizi wa madereva." Niliandika upya ukurasa mzima kwa mwandiko wangu bora. Niliandika: "Chiriku," kwa jina lake rasmi bila shaka, "anamudu abiria bila tatizo lolote katika njia za aina zote." Nyamawi aliporudi aliniuliza, "Umeliandika?" Nikasema, "Nimeliandika." Akachovya dole gumba kwenye wino akaligandamiza chini ya jina langu, akalifuta kwenye suruali yake. Hakuuliza tena. Ningependa angeuliza.

Walinunua Chiriku sita. Masika yakaanza mapema na kwa ghadhabu, mlima ukageuka udongo mwekundu unaotembea. Mchana mmoja alikuja mtu mbio kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Mkongani: mkewe, jina lake Mbeyu, alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya. Nilimpandisha Bi Mejumaa. Mvua ilikuwa imenyamaza kidogo, matone makubwa tu yakianguka kutoka kwenye miti. Tulifika mahali ambapo njia inapita ubavuni, upana wa hatua mbili, mlima kulia, bonde kushoto. Toka hapo tuliziona paa za makuti za mji wa kina Mbeyu, tukasikia jogoo. Bi Mejumaa akanigonga begani. "Nishuke nitembee hapa, mwanangu?"

"Kaa tu, Bi," nikasema. "Huyu anapanda."

Alipanda kweli, hatua ishirini hivi. Kisha mbele ikanyanyuka, nikalalia tangi, na nilipolalia tangi uzito wote wa nyuma ukabaki kwake yeye, miguu yake miwili ikining'inia upande wa bonde. Nyuma ikaondoka kama sahani iliyopakwa sabuni. Mtu aliyekaa kwa kutanua miguu angeubana mwili wa mashine, angeegemea mlimani. Yeye hakuwa na cha kubana. Nilisikia mkanda wangu ukivutwa, kisha hauvutwi. Alikuwa chini yangu, kwenye mzizi wa mvule, amelala vibaya, paja limegeuka upande usio wake. Hakulia. Alisema, "Sanduku liko wapi?"

Wanaume wa mji walikuja na kitanda cha kamba, wakambeba. Nilidhani watampeleka barabarani. Aliwaamrisha wamwingize kwa Mbeyu. Walimweka sakafuni kando ya kitanda cha mzazi, mahali ambapo hakuweza kuinuka wala kuona juu, na kutoka pale chini akawaongoza vikongwe wawili kwa maneno tu. Mimi nilikaa nje chini ya mchirizi, maji yakinipiga shingoni, nikasikia yote. "Oshea mikono humo. Tena. Ingiza polepole, sema unagusa nini. Ni kisigino hicho? Usivute. Nasema usivute, mama!" Baadaye sana mtoto akalia, wa kike, na mtu akapiga kigelegele kimoja kilichokatika katikati. Kisha sauti ya Bi Mejumaa tena, imekauka, "Kandamiza tumbo, damu isimame. Usiache. Badilishaneni. Mikono yangu ingejua," alisema, "leteni mikono yangu karibu." Nadhani walijaribu kumwinua, kwa kuwa hapo ndipo alipopiga ukelele, mara moja tu. Halafu "Kandamiza," kwa sauti ndogo. Halafu nilikuwa nasikia mchirizi peke yake.

Mume wa Mbeyu alitoka. Alikuwa mtu wa makamo, nguo yake imejaa tope mpaka kifuani kwa mbio za asubuhi. Alinikuta nimesimama sijui pa kuweka mikono. Alikwenda nami mpaka njiani, tukamwinua Chiriku wawili sisi ingawa mmoja angetosha, akampangusa kiti kwa kiganja chake. "Pole kwa mashine," aliniambia. Kwetu mgeni aliyepatwa na shari mjini kwako hupewa pole kwanza, hata kama maiti ya mkeo iko ndani. Nimeishi miaka mingi na watu wakali, nimetukanwa, nimepigwa kofi mara moja hadharani. Hakuna lililonifikia mahali ilipofika pole ile.

Bi Mejumaa alilala hospitalini Mombasa miezi mitatu. Aliporudi alikuwa akitembea kwa magongo mawili, nyonga moja juu ya nyingine, na afisa akaitisha kikao. Chumba kilikuwa kile cha mbele cha ofisi, kina rangi mpya ya kijani na picha ya waziri mkuu. Tulikuwa wanne, na karani akileta chai. Afisa hakuwa mtu mbaya, alionekana hakulala. Alieleza kwamba mtu amekufa na wakubwa wake wanataka jibu. Alikuwa na kitabu cha mashine, nacho kinasema abiria akae akitazama mbele, mguu huku na mguu huku. Ikiwa mkunga alikaa atakavyo, kinyume cha maelekezo, basi kosa ni lake na ataondolewa kazini bila haki yoyote. Ikiwa tulijaribu mashine kwa mkao ule tukajua haifai, basi kosa ni la aliyejua akanyamaza.

"Kitabu hicho kimeandikwa na nani, Bwana?" aliuliza Bi Mejumaa. "Ana mama?"

Afisa alifungua faili mezani. Kisha akaisoma ripoti yangu kwa sauti. Ilisikika vizuri; nilikuwa na mwandiko mzuri hata masikioni. Alipofika kwenye "bila tatizo lolote" Nyamawi akainua kichwa.

"Soma tena hapo, Bwana."

Akasoma tena.

"Siyo hivyo," alisema Nyamawi. "Hapo pameandikwa kuvuta. Tulipomchukua Bi Mejumaa pale Diani."

"Dole gumba hili si lako?"

Nyamawi akaliangalia dole gumba lake, lile la mkono wake, siyo la karatasini. "Ni langu," akasema. Kisha akanigeukia, uso wake hauna hasira, una subira, kama ninavyokumbuka akinisubiri nimalize kusoma kibao cha njiapanda. Alikuwa bado anaamini nitasema kuna ukurasa mwingine.

"Bakari," alisema afisa. "Mliijaribu mashine na mkunga amekaa upande, au hamkujaribu?"

Bi Mejumaa alinisaidia. Hilo ndilo lisilonitoka. Aliinama mbele juu ya magongo yake akasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto salamu, "Siku ile nilipokwenda kwa dada yangu, mwanangu. Tulipopiga kombo nikacheka. Si unakumbuka?"

Nilikuwa nimevaa shati jipya la msimamizi wa madereva. Nje, kwenye banda, Chiriku watano walikuwa wamepangwa safu, na wa sita amepindika usukani. Nilifikiri juu ya kufukuzwa. Nilifikiri juu ya mahakama, na mume wa Mbeyu akisimama kizimbani akinipa pole tena. Chai ilikuwa ikitoa mvuke. Nilisema, "Sikumbuki, Bi."

Kalamu ya afisa ilikwaruza karatasi mstari mmoja, ikasimama, ikaendelea. Bi Mejumaa alinitazama kwa muda usiozidi pumzi tatu, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa chuki. Alikuwa akinipima, kwa jicho la kazi yake, kama anayekagua kilichozaliwa. Kisha akasema, "Andika basi, Bwana. Mimi ndiye niliyekaa upande." Akainuka. Magongo yaliteleza kwenye sakafu iliyopakwa nta, nami nikaruka kumshika, akauondoa mkono wangu, si kwa nguvu. Nyamawi alikuwa ameshafika upande wake wa pili. Alimpa bega, akachukua sanduku lake la vifaa lililokuwa chini ya kiti, sijui kwa nini alikuwa amekuja nalo. Walivuka chumba polepole, hatua, gongo, hatua, gongo, mpaka nje barazani, na Nyamawi akageuka nusu, bila kunitazama, akauvuta mlango nyuma yao taratibu hata kitasa kikashika.